Bluberi ni Tunda la Bustani, Si Dawa ya Presha



Katika miezi ya karibuni kuna swali ambalo limekuwa likirudi kila wiki katika kliniki yetu ya presha na kisukari: "Sista, hivi ni kweli bluberi inaponya?" Wengine huuliza wakiwa wameshika kikopo cha unga wa rangi ya zambarau walichouziwa mnadani. Wengine wamenunua mche kwa bei ya kutisha, wakaambiwa kwamba ukishazaa hawatahitaji tena dawa za hospitali. Kwa kuwa swali hili ni la wengi, nimeona ni vema nilijibu hapa, familia nzima ipate kusoma pamoja.

Maoni yangu ni haya. Bluberi ni tunda zuri, na familia iliyo na mahali panapoifaa ipande bila wasiwasi. Lakini ipande kama inavyopanda mparachichi au mpapai, yaani kwa ajili ya kula. Anayeipanda kama dawa atapoteza fedha zake, na anayeacha vidonge kwa sababu yake anaweza kupoteza uhai wake.

MMEA HUU UMETOKA WAPI?

Bluberi inayolimwa zaidi ni ile ya kichaka kirefu. Ni kichaka kinachofikia kimo cha mtu mzima au kuzidi, chenye maua meupe yanayoning'inia kama vikengele, na matunda ya mviringo ya buluu yenye ukungu mweupe juu ya ganda. Kwao ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa asili wa huko waliyachuma matunda hayo porini tangu zamani sana, wakayala mabichi na kuyakausha kwa ajili ya majira ya baridi.

Jambo la kushangaza ni kwamba hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima walikuwa wakishindwa kuyalima. Walihamisha vichaka kutoka porini, wakavipanda katika udongo mzuri wa bustani, wakatia samadi na chokaa kama walivyozoea, navyo vikadhoofika. Aliyegundua sababu ni Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Katika taarifa aliyoitoa mwaka 1910 alieleza kwamba mmea huu unataka udongo mchachu, na kwamba udongo ule tunaousifu kwa mazao mengine ndio unaoudhuru.

Taarifa hiyo ilisomwa na Bi Elizabeth White, binti wa mkulima huko Whitesbog katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1911 alimwandikia Coville, wakaanza kushirikiana. Bi White aliwapa wanavijiji waliozoea kuchuma porini kipimo chenye tundu la milimita 16 hivi, akaahidi kuwalipa wakimwonyesha kichaka chenye matunda yasiyopita katika tundu lile. Kila kichaka kilipewa jina la aliyekipata. Kimoja kilichoonyeshwa na Bwana Rube Leek kiliitwa 'Rubel', na aina hiyo inapandwa hadi leo. Mavuno ya kwanza yaliuzwa mwaka 1916.

Nimeieleza historia hii kwa sababu ina funzo. Mmea huu haukukubali kulazimishwa na watu wenye fedha wala wenye mbolea nyingi. Ulikubali pale mtu alipouliza kwanza unataka nini. Muuza miche anayekuambia kwamba bluberi inakubali popote hajauliza swali hilo, au amelijua jibu akalificha.

UDONGO NDIO WENYE NENO

Kipimo cha uchachu wa udongo huitwa pH. Mahindi, maharage na kabichi hupenda udongo wa pH 6 au zaidi kidogo. Bluberi inataka 4.5 hadi 5.5. Tofauti hiyo ya namba ni ndogo kwenye karatasi, lakini shambani ni kubwa sana.

Utajuaje? Njia ya uhakika ni kumwomba bwana shamba akupimie. Lakini zipo dalili za kuangalia. Chai hupenda uchachu uleule, kwa hiyo wanaoishi penye chai, kama Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, na kwa jirani zetu Kericho na Limuru, wana mwanzo mzuri. Dalili nyingine ni lile ua la haidrenjia linalopandwa sana kwenye viwanja vya misheni za milimani. Aina zile zinazogeuka rangi hutoa maua ya buluu kwenye udongo mchachu, na ya waridi kwenye udongo usio na uchachu. Kinyume chake, penye udongo wa chokaa au magadi, au penye maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, bluberi haitafurahi.

Hapa kina mama wanisikilize vizuri. Tumezoea kumwaga majivu ya jikoni bustanini. Kwa mboga nyingi ni jambo jema. Kwa bluberi ni sumu, maana majivu yanaondoa uchachu. Vivyo hivyo chokaa, samadi nyingi ya kuku na mbolea ya CAN. Mizizi ya mmea huu ni myembamba kama nyuzi, iko juu juu ya ardhi, na haina vinyweleo vya kunyonyea kama mimea mingine. Hauvumilii ukame wala kutuama kwa maji.

Udongo usipokuwa mchachu, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Ukimwuliza mtaalamu atakuambia mmea umekosa madini ya chuma. Lakini chuma kimo udongoni! Kimefungwa tu, mizizi haiwezi kukichukua. Nami nikiuona mche wa namna hiyo namkumbuka mtoto mwenye upungufu wa damu ambaye nyumbani kwao maharage na mchicha vinapikwa kila siku, lakini anateremshia chakula kwa chai ya rangi. Chai hufunga madini ya chuma tumboni. Tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na mboga hiyo husaidia kuyafungua. Jambo hili nitalirudia hapa chini, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

BARIDI NAYO

Aina za asili za kaskazini zinahitaji baridi kali. Zinataka saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 katika mwaka, ndipo zichanue vizuri. Huku kwetu hata milimani si rahisi kuzipata saa hizo zote. Ndiyo maana mtu aliyeletewa mche na ndugu aliyeko Ulaya huweza kuutunza miaka mitano, ukamea majani mazuri, asione tunda.

Kwa bahati nzuri, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walichanganya bluberi hiyo na jamii ya porini ya kusini, wakapata aina zisizohitaji baridi nyingi. Miongoni mwa za kwanza ni 'Sharpblue', iliyotolewa mwaka 1976. Nyingine inayofahamika sana ni 'Biloxi', iliyotolewa mwaka 1998 na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ni aina za namna hii zilizowezesha kilimo hiki kufika Peru, na pia Kenya, ambako kampuni ya Kakuzi katika Kaunti ya Murang'a ni mojawapo ya wanaoilima kwa ajili ya kuuza nje. Basi ukinunua mche, uliza jina la aina yake. Asiyeweza kukutajia jina, usimpe fedha.

NAMNA YA KUPANDA NYUMBANI

Kwa familia ya kawaida nashauri kuanza na miche miwili ya aina mbili tofauti, kwa sababu nyuki wakihamisha chavua kati ya aina mbili matunda huwa mengi na makubwa zaidi. Panda katika vyombo, ili uweze kuutawala udongo. Fuata hatua hizi:

1. Tafuta ndoo au pipa la plastiki la lita 40 hadi 60. Toboa matundu mengi chini. Usiweke sahani ya kukinga maji chini yake, maana maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu.

2. Changanya maganda ya misonobari yaliyooza nusu, majani yake makavu, na maranda ya mbao yaliyokaa mvuani miezi kadhaa. Ongeza kiasi kidogo cha udongo mwepesi wa eneo lenye uchachu. Maranda mabichi usitumie, yatamnyima mmea mbolea.

3. Weka mahali penye jua la kutosha, angalau saa 6 kwa siku.

4. Funika juu kwa majani ya misonobari unene wa kiganja. Yatahifadhi unyevu, na mizizi itakaa pabaridi.

5. Mwagilia mara kwa mara, kidogo kidogo, udongo uwe na unyevu bila kulowa chapachapa. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Kinga maji ya bati, lakini funika pipa lako.

6. Mbolea inayofaa ni SA, yaani salfeti ya amonia. Kwa mche mdogo kijiko kimoja cha chai, kikinyunyizwa kuzunguka, si kwenye shina, kila baada ya wiki 6 hadi 8 wakati unapokua. Mwagilia mara baada ya kuweka. Kuzidisha kunaunguza mizizi.

7. Mwaka wa kwanza yang'oe maua yote. Najua inauma, lakini mche unahitaji nguvu ya kujenga mizizi. Mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu. Mti uliokomaa na kutunzwa vema unaweza kutoa kilo 2 hadi 4 kwa mwaka, nao huishi miaka mingi.

8. Tunda likishageuka buluu usiliharakishe. Subiri siku chache hadi liachie lenyewe kwa kuguswa tu. Likichumwa mapema halitaongeza utamu.

Ndege nao wanalipenda tunda hili. Tumia wavu wa bustani au pazia kuukuu la wavu. Nasisitiza: chandarua cha kujikinga na mbu kibaki kitandani. Nimekwisha kutembelea nyumba ambamo vyandarua vilivyotolewa kwa ajili ya watoto vimefunika mboga bustanini, na watoto wakilala bila kinga. Hakuna tunda duniani linaloweza kulipa gharama ya malaria ya mtoto. Aidha, kwa kuwa watoto huchuma na kula papo hapo, usinyunyizie dawa za wadudu ovyo. Na mtoto aliye chini ya miaka 4 apondewe tunda kwanza, kwa maana punje ya mviringo inaweza kumpalia.

JE, INATIBU?

Rangi ile ya buluu hutokana na kemikali za asili ziitwazo anthosiyanini. Wataalamu wamezichunguza sana, na si haki kusema hazina faida. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza. Watu wazima waliokuwa na dalili za kuelekea kwenye magonjwa ya moyo na kisukari walipewa kila siku, kwa miezi 6, unga wa bluberi ulio sawa na gramu 150 za matunda mabichi. Mishipa yao ya damu ilionekana kufanya kazi vizuri zaidi. Hiyo ni habari njema. Lakini someni mpaka mwisho: presha yao haikushuka, na mwili wao haukuongeza uwezo wa kuitumia insulini.

Basi kama gramu 150 kila siku kwa nusu mwaka hazikushusha presha, kijiko cha unga wa mnadani kitaishushaje? Tena huo unga hatujui umechanganywa na nini. Presha ni ugonjwa wa kimya. Mtu huacha vidonge leo, kesho anajisikia mzima, keshokutwa vilevile, naye anasema tunda limefanya kazi. Wakati huo mishipa inaendelea kuumia. Siku ikipasuka ubongoni anatuletea mgonjwa aliyepooza upande mmoja, asiyeweza kusema. Wapo tuliowapokea wakiwa hivyo, na kikopo cha unga kimo mfukoni mwa mtoto wao. Huwa sina la kuwaambia ndugu zao wakati ule. Ndiyo sababu nayasema sasa.

Mwenye kisukari anaweza kula bluberi kwa kiasi kama matunda mengine. Ina sukari, kiasi cha gramu 10 katika kila gramu 100. Vidonge na sindano yake aendelee navyo kama alivyoandikiwa. Akitaka kubadili lolote, aje tuzungumze.

KIPI KITANGULIE?

Sasa niseme lile lililo moyoni mwangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, kama malaria, minyoo na lishe duni. Tukiangalia upande wa lishe, je, bluberi ndilo tunda la kutangulia?

Gramu 100 za bluberi zina miligramu 10 hivi za vitamini C. Chungwa lina 50 hivi, papai 60 hivi, na pera hupita 200. Madini ya chuma katika bluberi ni haba mno. Vitamini A karibu haimo, ilhali papai, embe na boga la njano vinayo tele. Kwa hiyo mtoto anayekula maharage na mchicha, kisha akapewa pera moja badala ya kikombe cha chai, amefanyiwa kazi kubwa kuliko mtoto aliyenunuliwa bluberi.

Na anayezitaka zile anthosiyanini za rangi nyeusi-zambarau, hizo nazo Mungu hakutunyima. Zimo katika zambarau, matunda ambayo watoto wetu huyaokota chini ya mti na kurudi nyumbani na ndimi nyeusi. Zimo katika forosadi, mti unaoshika kwa kuchomeka kijiti tu ardhini wakati wa mvua. Zimo katika rosela nyekundu tunayochemshia juisi. Matunda haya hayana matangazo, na ndiyo maana tunayadharau. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuna mtu atakayeniambia, "Sista, unataka tubaki nyuma wakati wenzetu wa Kenya wanauza nje?" La hasha. Mkulima mwenye mtaji, maji ya uhakika na soko alime, nami nitafurahi akifanikiwa. Tena familia ya milimani ambayo tayari ina mpapai, mpera na tuta la mboga, ikiweka vyombo viwili vya bluberi mlangoni, watoto watapata tunda tamu na pia kujifunza kutunza kitu kigumu. Ninachopinga ni mama kuuza kuku wake wote anunue mche mmoja usiojulikana jina, ilhali uani kwake hakuna hata mpapai. Ninachopinga zaidi ni jina la tunda kutumiwa kuwalaghai wagonjwa.

Kwa hiyo nawashauri yafuatayo. Nyumba isiyo na mti wa matunda ianze na mpapai na mpera msimu huu wa mvua. Yenye hiyo tayari, na iko penye udongo wa chai na baridi ya milimani, ijaribu bluberi kwa utaratibu niliouandika. Na yeyote mwenye presha au kisukari, ale tunda lolote alilojaliwa, apunguze chumvi, atembee kwa miguu, na ameze vidonge vyake kila siku kwa saa ileile. Siku ya kliniki njoo na dawa zako zote, pamoja na kile kikopo ulichouziwa. Hatutakugombeza. Tutakaa pamoja tukiangalie.

Nawatakieni afya njema na mavuno mema.